Je, wajua kwa nini matofali ya Mohenjo-daro na Harappa yalilingana?

Ukitaka watoto wa darasa la nne au la tano waupende ustaarabu wa bonde la mto Indus, usianze na ramani wala tarehe. Ingia darasani na tofali moja la kuchoma. Waache walishike, walipime kwa rula, wabishane kidogo. Kisha waandikie ubaoni vipimo vya tofali la nyumba la Mohenjo-daro, mmoja wa miji ya kale ya ustaarabu huo: unene sentimita 7, upana 14, urefu 28. Nyamaza. Hakosi mtoto mmoja atakayeona kwamba kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia.

Hapo ndipo somo linapoanza. Mohenjo-daro iko Sindh na Harappa iko Punjab, zote katika nchi ya Pakistan ya leo, na kati yake ni karibu kilomita 600, kama mwendo wa basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Miji hii ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK, yaani piramidi kubwa za Giza zikijengwa Misri, huku nako mafundi walikuwa kazini. Na mafundi wa mji huu na wa mji ule walifuata uwiano uleule: moja, mbili, nne. Hata tofali lao kubwa, la sentimita 10 kwa 20 kwa 40, halikuuvunja.

Kwa nini? Jibu la kwanza analo fundi mwashi yeyote wa mtaani kwako. Upana ukiwa nusu ya urefu, matofali mawili yaliyolazwa kwa kukingama hufunika nafasi sawasawa na tofali moja lililolazwa kwa urefu. Basi kozi moja, yaani safu moja ya matofali, unailaza hivi, inayofuata unailaza vile, na maungio ya juu hayaangukii juu ya maungio ya chini. Ukuta unashikana wenyewe kwa wenyewe. Maungio yakifuatana juu hadi chini, nyufa hupata njia.

Watoto hawataliamini hilo kwa kuambiwa, na wana haki. Wape udongo wa mfinyanzi. Nusu ya darasa wafinyange vitofali vya sentimita 2 kwa 4 kwa 8 kwa kutumia kiunzi cha boksi gumu, nusu nyingine kila mmoja afinyange apendavyo. Vianikwe kivulini mpaka vikauke, halafu kila kundi lijenge kona ya ukuta. Kundi la pili litahangaika mno kwenye ile kona, na kuhangaika kwao kunafundisha kuliko kurasa kumi za kitabu. Mwisho mwagia kuta zote mbili maji. Zitalainika na kuanza kumomonyoka. Sasa limwagie maji lile tofali la kuchoma ulilokuja nalo.

Wamekwisha kuelewa kwa nini watu wa Mohenjo-daro walijisumbua kukata kuni na kuwasha matanuri. Mto Indus hujazwa na theluji inayoyeyuka milimani Himalaya na mvua za monsuni, zinazoletwa na upepo wa kusi, ndugu ya ule uliosukuma majahazi yetu kuelekea Uarabuni na Bara Hindi. Ukifurika, unafurika kweli. Si kila mji ulichoma matofali kwa wingi namna hiyo. Dholavira, katika Kutch nchini India, kule zilikotoka familia nyingi za Kihindi za Zanzibar na Mombasa, ulijengwa zaidi kwa mawe, na fahari yake ni mabwawa makubwa ya kuhifadhi maji.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni visima. Mohenjo-daro vilikuwa vingi sana, wataalamu hukadiria kama 700. Ukijenga duara kwa tofali la kawaida, mianya hubaki upande wa nje. Kwa hiyo walifyatua tofali maalumu, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, kama kipande cha keki. Ncha nyembamba ilielekezwa ndani ya kisima. Udongo wa nje ukisukuma, matofali hubanana zaidi na hakuna linaloweza kuangukia ndani. Leo wachimbaji wameondoa udongo uliovizunguka, na baadhi ya visima vimebaki vimesimama juu kama minara. Waonyeshe watoto picha yake bila kusema neno, uwaulize ni nini. Watasema bomba la moshi, mnara wa msikiti, kila kitu isipokuwa kisima.

Mifereji ya maji machafu iliyofunikwa, iliyopita kando ya mitaa, nayo ni ya matofali. Bwawa Kuu la kuogea, mita 12 kwa 7 na kina cha mita 2.4, ni la matofali pia, likizungushiwa tabaka la lami lisivuje.

Kisha litakuja swali ambalo watoto huuliza mapema kuliko watu wazima: nani aliwaamuru? Misri ina mafarao wenye makaburi ya kutisha. Huku halijapatikana kaburi la mfalme, wala jumba ambalo wote wanakubali kwamba lilikuwa ikulu. Maandishi yapo, ya alama kama 400, mengi kwenye mihuri midogo ya mawe, lakini hajatokea mtu wa kuyasoma kwa namna inayokubalika. Kilichopo ni ushahidi wa makubaliano. Mbali na matofali, kuna mawe ya mizani yaliyochongwa mraba, yakipanda 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, mji hadi mji. Hapo waachie watoto wafikirie soko ambalo mfanyabiashara mgeni hawezi kuibiwa kwenye mizani.

Uzuri wa matofali hayo karibu uyaponze. Katika karne ya 19 Waingereza walipojenga reli kati ya Lahore na Multan, yalichotwa kutoka Harappa kwa wingi na kutandazwa chini ya njia ya treni. Hawakujua wanachobeba. Uchimbaji rasmi uliongozwa na mwanaakiolojia Daya Ram Sahni huko Harappa mwaka 1921, mwenzake R. D. Banerji akafuata Mohenjo-daro, na mwaka 1924 mkuu wao, John Marshall, akautangazia ulimwengu ugunduzi huo.

Bakiza tofali moja kwa dakika tano za mwisho wa kipindi. Lilipatikana Chanhu-daro, mji mdogo kusini ya Mohenjo-daro, kwenye uchimbaji wa Ernest Mackay miaka ya 1930. Lilikuwa limeanikwa bado bichi, paka akapita juu yake, na nyuma yake akapita mbwa. Nyayo zimezama kwa kina, za wanyama waliokuwa mbioni. Fundi akalichoma hivyohivyo. Chora nyayo mbili ubaoni, ndogo mbele na kubwa nyuma, uwaambie ni za zaidi ya miaka 4000 iliyopita, kisha uwaachie darasa wakuambie kama yule paka alifika juu ya ukuta.