Je, wajua kwa nini mnofu wa sangara hupanda ndege na kichwa chake kikabaki Ggaba?

Fika soko la Ggaba, kusini mwa Kampala, asubuhi kabla jua halijakolea. Utakuta akina mama wamepanga vichwa vya samaki juu ya meza za mbao, vikubwa, midomo wazi. Pembeni kuna migongo iliyokaushwa kwa moshi, mfupa mtupu wenye nyama kidogo iliyoganda karibu na mbavu. Huyo ni sangara, ambaye Waganda humwita mputa. Kila nikipita hapo hunijia swali la kitoto: mwili wake uko wapi?

"Mwili umekwenda Bulaya, ssebo," muuzaji mmoja alinijibu siku moja, akimaanisha Ulaya, huku akipasua kichwa kwa panga. Kiswahili chake ni cha kambini, maana baba yake alikuwa askari. "Wewe chukua cha supu."

Wasomi wana neno refu la jambo hilo: utandawazi wa uchumi. Maana yake ni kwamba bidhaa, mitaji na bei zinavuka mipaka hadi soko la Ggaba na soko la Brussels yanakuwa kama soko moja. Watu hubishana sana kama utandawazi ni neema au balaa. Mimi naona ni rahisi zaidi kumfuata samaki mmoja.

Sangara akishavuliwa Ziwa Victoria hupimwa mwaloni, yaani pale mitumbwi inapofikia ufukweni, na kutupwa kwenye lori lenye barafu. Lori linakwenda kiwandani, na viwanda hivyo viko Kampala, Entebbe, Jinja na Masaka. Huko wafanyakazi waliovaa buti nyeupe na vifuniko vya nywele humchuna ngozi na kumtoa mnofu upande huu na huu. Mnofu mbichi hauna muda wa kupoteza, hivyo unapandishwa ndege Entebbe. Ule uliogandishwa unaweza kungoja kontena na kwenda zake kwa barabara hadi bandari ya Mombasa.

Kwa nini Ulaya imtake huyu? Kwa sababu nyama yake ni nyeupe, haina miiba midogo, haina harufu kali, na samaki weupe wa bahari zao walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Basi mama wa Kampala anayetaka kilo moja ya mnofu anashindania bei na mkahawa ambao hajawahi kuuona, wenye wateja wanaolipa kwa yuro. Mwenye kiwanda si mtu mbaya. Anauza panapolipa, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Lakini matokeo yake ni kwamba samaki anagawanywa kulingana na uzito wa mfuko: mnofu Ulaya, kichwa Ggaba. Jirani zetu nao wana majina yao kwa kinachobaki. Kisumu huita mgongo wazi, Mwanza huita mapanki.

Kuna kipande kingine ambacho watu wengi hawakijui, nacho ni bondo, yaani kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Zamani halikuwa na thamani yoyote mwaloni. Siku hizi hukaushwa na kusafirishwa hadi Hong Kong na China, ambako hupikwa supu ya karamu, na kilo yake hushinda kilo ya mnofu kwa mbali sana. Kitu kile kile, ziwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi wa mbali amejulikana. Ukiniuliza faida ya utandawazi ni ipi, nitakuonyesha bondo.

Na faida hazikuishia hapo. Uganda ya mwaka 1986 ilikuwa imetoka vitani, hazina tupu, na fedha za kigeni zikitegemea kahawa karibu peke yake. Viwanda vya samaki vilipoanza kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi ikapata kitu cha pili cha kuuza. Kwa miaka mingi samaki wamekuwa miongoni mwa bidhaa zinazoiingizia Uganda fedha nyingi za kigeni. Ukitazama nyumba za bati na simu za mkononi katika visiwa vya Kalangala na Buvuma, nyingi zimetoka kwenye nyavu.

Ajabu ni kwamba sangara mwenyewe ni mgeni hapa. Aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, enzi za Waingereza, akitokea maji mengine, likiwemo Ziwa Albert alikozaliwa. Anaweza kufikia kilo 200. Alipozoea ziwa aliwala nkejje, samaki wadogo waliokuwa na mamia ya aina ambazo hazipatikani kwingine duniani, na aina nyingi hazijaonekana tena. Wazee wa pwani ya ziwa bado huzitaja nkejje zilizokaushwa juani kama chakula cha watoto wachanga, na wanazitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu.

Sasa tuje mwaka 1999, maana hapo ndipo utandawazi ulipoonyesha meno. Zilienea habari kwamba kuna wavuvi wanaomwaga sumu ya kuulia wadudu majini ili samaki waelee haraka. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu. Viwanda vikasimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, bei ikaanguka mwaloni. Mvuvi ambaye hajawahi kushika sumu, mwenye deni la mashine ya boti, alijikuta akiadhibiwa na ofisi iliyo Brussels kwa kosa la mtu asiyemjua. Ukishategemea mnunuzi mmoja mkubwa, neno lake moja linatosha kukulaza njaa.

Nikubali pia upande wa pili. Baada ya kufungiwa ndipo mialo ikajengewa sakafu za kuoshwa, barafu ikawa lazima, wakaguzi wakapewa meno na sampuli zikaanza kupelekwa maabara. Tulisafisha kwa sababu mgeni alikataa kula. Kinachoniudhi ni kwamba usafi ule umefuata mnofu tu. Kichwa kinachobaki kwetu bado kimelala juu ya meza ya mbao, na nzi wake.

Soko kubwa lina shida nyingine: halishibi. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, lakini samaki wakubwa walipopungua, nyavu zilizidi kuwa na matundu madogo. Mwaka 2017 serikali ikapeleka jeshi ziwani. Mitumbwi iliyo chini ya futi 28 na nyavu haramu zikachomwa moto. Wenye viwanda walisema samaki wameongezeka. Wavuvi wadogo walilalamika kwamba wamepigwa na kufilisiwa. Naamini pande zote mbili zilisema kweli. Mtumbwi mdogo ulikuwa wa mtu anayevua mboga ya nyumbani na kuuza kidogo, wala si yeye aliyekuwa akijaza malori ya barafu.

Na kama unadhani samaki hawezi kugombanisha nchi, muulize mtu wa Migingo. Ni kisiwa cha mwamba, kidogo kuliko uwanja wa mpira, kimefunikwa kwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, na Kenya na Uganda wamekigombania kwa miaka. Hakuna mtu angekijali kama maji ya jirani yake yasingekuwa na sangara.

Wakati huo huo, Kisumu, mji uliokaa ukingoni mwa ziwa hili, unauziwa samaki wa barafu kutoka China. Wavuvi wa huko wamepiga kelele sana, na nawaelewa. Lakini yule anayelisha watoto watano kwa kibarua cha siku hukuta samaki wa China ni nafuu, naye pia namwelewa.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mama wa Ggaba nikitaka migongo miwili. Bei ilikuwa imepanda.

"Nnyabo, huu si ni mfupa tu?"

"Ni mfupa, lakini una wenyewe siku hizi." Akanionyesha kwa kidole magunia yaliyoshonwa midomo kando ya ukuta. Yalikuwa yanangoja lori la Arua, na kutoka Arua yangevuka kwenda Kongo, ambako mgongo wa sangara uliokaushwa una wateja wanaolipa bila kubishana.

Nikachukua mmoja. Akaniongezea kipande cha shavu juu, akisema hicho bado hakijapata mnunuzi wa mbali.