Shaba mbili kila uzani: yanayosemwa kimakosa kuhusu medali za judo

Mashindano makubwa ya judo yakiisha, jedwali la medali husambaa haraka kuliko maelezo yake, na wanaodhulumiwa ni wachezaji. Nitachukua mifano mingi kutoka Olimpiki ya Paris 2024, kwa kuwa wengi waliitazama.

Dhana: Shaba ni mbili kwa sababu walioshindwa nusu fainali wanapewa tu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye ndondi za Olimpiki. Kwenye judo, aliyepoteza nusu fainali bado ana pambano moja, na akilipoteza anaondoka mikono mitupu, akihesabiwa wa tano. Mpinzani wake hutoka kwingine: wanne waliotolewa robo fainali hupambanishwa wawili wawili, na washindi wao ndio wanaokwenda kugombea shaba. Kwa hiyo mwenye shaba amefunga siku kwa ushindi. Mwenye fedha hawezi kusema hivyo.

Dhana: Ukitolewa na atakayekuwa bingwa, utarudishwa mchezoni.

Siku hizi inategemea umetolewa raundi gani, na hapa ndipo judo inapouma kweli.

Tarehe 27 Julai, Ryuju Nagayama wa Japani alikutana na Francisco Garrigós wa Hispania katika robo fainali ya kilo 60. Nagayama alikabwa shingo hadi akapoteza fahamu, na Wajapani wakalalamika kwamba Garrigós aliendelea kukaba baada ya mwamuzi kuamuru wasimame. Matokeo hayakubadilishwa. Lakini kwa kuwa ilikuwa robo fainali, Nagayama alirudi ulingoni, akashinda mapambano yake, na mwisho wa siku wote wawili walipanda jukwaa lilelile, kila mmoja na shaba yake.

Kesho yake ikawa zamu ya Uta Abe, bingwa wa kilo 52 wa Olimpiki ya Tokyo. Dhidi ya Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan alitangulia kwa waza-ari (alama ya nusu), kisha akabwagwa kwa iponi (alama kamili inayomaliza pambano). Ilikuwa 16 bora, hatua moja tu kabla ya robo fainali. Keldiyorova alikwenda hadi dhahabu, lakini Abe hakuwa na mlango wa kurudia. Kilio chake kilijaza ukumbi. Anayesoma jedwali peke yake atadhani wote wanne waliopata medali katika uzani ule walimzidi uwezo. Mimi siamini hata kidogo.

Chanzo ni droo. Wanane wa juu katika orodha ya ubora hutenganishwa wasikutane kabla ya robo fainali. Asiye miongoni mwao anaweza kupangiwa kinara mapema. Ndiyo maana mashindano ya msimu, ambayo watazamaji huyapuuza, yana uzito: mshindi wa Grand Prix hupata pointi 700, wa Grand Slam 1,000, na bingwa wa dunia 2,000.

Dhana: Kushinda kwa adhabu za mpinzani si kushinda.

Shido, yaani adhabu ndogo, zikifika tatu humtoa mchezaji, na nyingi hutolewa kwa kukwepa kushikwa au kutoshambulia. Anayembana mwenzake hadi asithubutu kushambulia amefanya kazi ya judo.

Dhana: Mwenye medali nyingi ndiye wa kwanza.

Ufaransa ilipata medali 10 za judo Paris: dhahabu 2, fedha 2, shaba 6. Japani ilipata 8, lakini dhahabu 3, na jedwali hupangwa kwa dhahabu kwanza, hivyo Japani ikakaa juu. Hata hivyo, kwenye Olimpiki nchi hupeleka mtu mmoja tu kwa kila uzani. Uzani ni 14, ukiongeza timu mchanganyiko (wanawake na wanaume pamoja) ni 15, na Ufaransa ilipata medali katika 10 kati ya hizo. Kwangu mimi, hayo ndiyo matokeo makubwa zaidi ya mashindano yale.

Dhana: Judo ni ya Japani na mataifa makubwa.

Tangu mwaka 1964, judo ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Mholanzi Anton Geesink alimshinda Akio Kaminaga fainali ya uzani huria, Tokyo kwenyewe. Na tazama Kosovo: Majlinda Kelmendi aliipatia medali yake ya kwanza ya Olimpiki, dhahabu, Rio 2016. Hadi Paris nchi hiyo ilikuwa na medali tano za Olimpiki, zote za judo.

Dhana: Ufaransa ilimchagua Teddy Riner aamue fainali ya timu.

Katika fainali ya timu mchanganyiko ya Paris, Ufaransa na Japani walikuwa 3-3. Kanuni inasema uzani wa pambano la kuamua upatikane kwa kura ya kompyuta. Kura ikaangukia wanaume wa zaidi ya kilo 90, Riner akarudi ulingoni dhidi ya Tatsuru Saito na kumbwaga. Uzani uliokuwamo kwenye kura ulikuwa sita, watatu wa wanawake na watatu wa wanaume.