Mkojo mweupe si ushahidi kwamba damu ya mbuzi iko salama

"Daktari, huyu hajakojoa damu, kwa hiyo damu yake haina tatizo." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, mbele ya beberu ambaye ukimfunua kope ya chini, ndani ni kweupe kabisa, dalili ya kupungukiwa damu. Naomba tulimalize jambo hili, maana linaua mbuzi.

Seli nyekundu ya mbuzi ni ndogo kuliko za mifugo mingine tuliyoizoea: upana wake ni takriban mikromita 3, wakati ya binadamu hufika 7 au 8. Huishi kama miezi minne. Ikizeeka, utando wake hubadilika, kingamwili huigandia, na makrofaji za bandama, yaani seli zinazomeza mabaki na vimelea, huimeza ikiwa nzima.

Huimeza. Haipasuliwi ndani ya mshipa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, humeng'enywa ndani ya makrofaji yenyewe. Protini hurudi kuwa asidi amino. Rangi hugeuka biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya manjano, ambayo albumini, protini ya damu, huibeba hadi kwenye ini itoke na nyongo. Chuma hubaki mwilini: kingine huwekwa akiba ndani ya protini iitwayo feritini, kingine protini ya kukibeba, transferini, hukirudisha kwenye uboho kutengeneza seli mpya. Katika safari yote hiyo figo hazijaona himoglobini. Mkojo uwe mwekundu kwa lipi?

Mkojo hugeuka mwekundu pale seli zinapopasuka ndani ya mishipa kwa wingi, kama inavyotokea kwa babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe. Hata hapo, protini ya damu iitwayo haptoglobini huanza kuinasa himoglobini iliyomwagika. Ni mpaka haptoglobini iishe ndipo figo huanza kuipitisha. Kwa hiyo hata mbuzi mwenye babesia anaweza kuanza kupoteza seli kabla hujaona chochote.

Ndigana baridi ni habari nyingine kabisa. Kimelea chake, Anaplasma ovis, hukaa ndani ya seli nyekundu, na haina haja ya kuipasua. Bandama ndiyo inayoiondoa seli hiyo, na kingamwili zikishachochewa huondoa hata seli zisizo na kimelea. Mbuzi wengi hubeba vimelea hivi bila kuugua, mpaka njaa, safari au ugonjwa mwingine uwadhoofishe. Hapo utando wa macho hupauka, pengine huwa wa manjano, bandama huvimba, na mkojo unaweza kukolea umanjano tu. Nagana, ugonjwa wa mbung'o, nayo humaliza seli kwa sehemu kubwa kwa njia hiyo hiyo.

Bandama haifanyi kazi peke yake. Ini lina makrofaji zake, uboho pia. Tena mbuzi, kama wanyama wengine wanaocheua, ana vitezi vya damu: vidogo, vyekundu iliyokoza, vimepangana kando ya mshipa mkuu chini ya uti wa mgongo. Wachinjaji huvikwangua wakidhani ni damu iliyoganda, kumbe navyo huchuja damu na kumeza seli. Vitabu huchora mshale mmoja kwenda kwenye bandama. Mimi nikiwa nimempasua mbuzi mezani, siwezi kukwambia kwa macho ni kiasi gani kilimezwa na bandama na kiasi gani na ini.

Kinachonikera zaidi ni sindano ya chuma kwa kila mbuzi aliyepauka. Mnyoo mmoja mpevu wa Haemonchus, mnyoo wa tumboni, hunyonya takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 1,000 ni mililita 50, na damu hiyo huondoka na chuma chake na protini zake, ndiyo maana taya huvimba chini. Mbuzi mwenye minyoo hiyo, chuma kinaweza kumsaidia, baada ya dawa ya minyoo. Mwenye ndigana baridi chuma chake kimejaa kwenye bandama na ini. Kumwongezea hakumtibu, na chuma kikizidi ni sumu. Anachohitaji ni antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini mapema.

Kuwatofautisha hakuhitaji maabara kubwa. Tone la damu kutoka kwenye mshipa wa sikio, lipakwe jembamba kwenye kioo, likauke, lipakwe rangi ya Giemsa, litazamwe kwa hadubini. Choo nacho kipimwe mayai ya minyoo. Omba hayo kabla sindano haijavutwa.