Rekodi za joto duniani: shaka ipi ina mashiko?

Mtu wa Kericho, nyanda za juu za Kenya, aliyejikunyata ndani ya sweta mwezi Julai ana haki ya kuuliza: hiyo dunia iliyovunja rekodi ya joto iko wapi?

Jibu linaanzia kwenye kile kisanduku cheupe cha mbao kilicho juu ya nyasi katika kituo cha hali ya hewa. Kuta zake ni vibao vya mshazari, hewa ipite, jua lisiingie. Ndani, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, mna kipimajoto cha joto la juu kabisa na kingine cha joto la chini kabisa. Husomwa saa tatu asubuhi, na kosa la kwanza huzaliwa papo hapo: joto la juu linalosomwa saa hiyo ni la jana mchana. Likiandikwa chini ya tarehe ya leo, siku nzima imeteleza. Rangi ya kisanduku ikichakaa, au lami ikimwagwa karibu, namba hupanda ingawa hewa ya eneo ni ile ile.

Namba za vituo hazijumlishwi hivi hivi. Nakuru iko juu kuliko Kisumu kwa takriban mita 700, na hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6.5 kila kilomita unayopanda. Kwa hivyo kila kituo hulinganishwa na wastani wake chenyewe, kwa kawaida wa miaka 30, na tofauti hizo ndizo hukusanywa. Sweta ya Kericho haimo katika hesabu.

Sasa hizo rekodi. Mwaka 2014 ulipotangazwa kuwa wenye joto zaidi, NASA yenyewe, shirika la anga la Marekani, iliupa uwezekano wa asilimia 38 tu, kwa kuwa uliuzidi 2010 kwa kiasi kidogo kuliko ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho vipimo vinaweza kukosea. Vichwa vya habari viliiacha asilimia hiyo. Aliyetilia shaka nafasi ya kwanza ya 2014 hakukosea.

Mwaka 2024 ni habari nyingine. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850–1900, ukingo wa makosa ukiwa 0.13; mwaka 2023 ulikuwa na 1.45. Msomaji makini atasema tofauti ya 0.10 imemezwa na ukingo. La. Sehemu kubwa ya ukingo huo inatoka karne ya 19, vituo vilipokuwa vichache, na kosa hilo huipandisha au kuishusha miaka yote miwili kwa pamoja. Haliwezi kubadilisha nani yuko mbele.

Lalamiko linalosikika zaidi ni kwamba wataalamu “hupika” namba. Kweli husahihisha. Zamani mabaharia walipima maji ya bahari kwa ndoo za turubai, maji yakapoa kwa uvukizi kabla ya kusomwa. Kurekebisha hilo hupandisha joto la zamani, na kwa jumla ya dunia masahihisho hupunguza ongezeko la muda mrefu. Mpishi wa namba angefanya kinyume.

Kericho yenyewe iliwahi kuwa uwanja wa ubishi huu. Mwaka 2002 utafiti katika jarida la Nature haukuona badiliko la maana la joto huko, katika mjadala wa kama joto ndilo lililorudisha malaria nyanda za juu. Ulitegemea ramani za joto zilizojazwa kwa makadirio kati ya kituo na kituo. Mwaka 2011 Malaria Journal ikachapisha vipimo vya kila siku vya Kericho kuanzia 1979 hadi 2009: joto lilikuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Shaka hiyo ilikatwa kwa kurudi kwenye daftari la kituo.

Shaka juu ya sera hupimwa kwingine. Sheria ya Kenya ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaweza kupingwa kifungu kwa kifungu bila kukigusa kipimajoto. Vivyo hivyo, tanki la maji la wadi lililojengwa kwa fedha za tabianchi liulizwe limegharimu nini, linashika lita ngapi, na Februari maji yanatoka au hayatoki.