Papa ana taya jamani, asichonacho ni mfupa

Juzi nimesikia tena, jamaa anawaelezea watoto wa tuisheni kwamba papa yuko kwenye samaki wasio na taya "kwa sababu hana mfupa". Nikameza mate.

Samaki wasio na taya, kitaalamu Agnatha, waliobaki leo ni lamprei na hagifishi tu, wote warefu wembamba kama mkunga, hawana magamba wala yale mapezi ya jozi ubavuni. Hiyo ndo maana yake, tusonge.

Shida iko kwenye jina lenyewe. Agnatha ni Kigiriki, "a" inakanusha, "gnathos" ni taya. Taya, sio meno, sio mfupa. Meno mbona lamprei anayo, mdomo wake ni duara umejaa vimeno vya keratini, kitu kilekile cha kucha zako, na wale wanyonya damu wanajibandika kwa samaki mwenzao wanamkwangua hapohapo, ila mdomo hauna juu na chini za kufunga na kufungua. Papa sasa, kundi lake linaitwa Chondrichthyes, "chondros" gegedu (kile kitu kigumu kinachopindika kama cha sikio lako), "ichthys" samaki, yaani jina linaongelea kiunzi, la mdomo halijasema kitu. Halafu lamprei naye kiunzi chake ni gegedu! Kwa hiyo ukitaka kuwatenganisha kwa mfupa utazunguka hadi kesho.

Ushawahi kula mchuzi wa papa si unajua, hakuna miiba ya kukukaba. Lakini pita soko la samaki la Feri, Dar, asubuhi ukute kichwa hakijakatwa, umpanue mdomo: taya la juu na la chini, gegedu tupu lililokazwa kwa chokaa, meno safu nyuma ya safu, la mbele likidondoka la nyuma linasogea kushika nafasi. Na papa wengi taya la juu halijagandana na fuvu, ndo maana wakiuma linachomoka mbele. Mpapase kutoka mkiani kwenda kichwani, anakwaruza kama msasa, wakati lamprei ni utelezi mtupu, na tundu la pua analo moja tu, juu ya kichwa.

Mkunga naye msimtie humo, huyo ana taya na mfupa kamili, kafanana nao umbo tu.

Kwa hiyo mwalimu wangu, bila ugomvi, siku nyingine ukifika kwa papa sema "hana mfupa" halafu weka nukta hapo.