Haliumi, lakini mfupa unaisha: maswali na majibu kuhusu vipandikizi vya meno uzeeni

Wengi wanaokuja kuniuliza habari za vipandikizi wamevuka miaka 60. Huanza na umri, wakaja kwenye gharama, na mwishoni kabisa, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, ndipo mtu anasema: "Kuna jino jingine huku nyuma linacheza, ila haliumi." Hilo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Maswali yafuatayo naulizwa karibu kila wiki.

Kipandikizi cha jino ni kitu gani?

Ni skrubu ndogo, mara nyingi ya titaniamu, inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya pale palipokuwa na mzizi wa jino. Mfupa huikumbatia na kuishika, kazi inayochukua kwa kawaida miezi 3 hadi 6, kisha juu yake hufungwa jino bandia. Si jambo geni. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliligundua mwaka 1952 akichunguza mifupa ya sungura: kifaa cha titaniamu alichokuwa amekiweka kilikuwa kimeshikana na mfupa, hakitoki. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza, na mtu huyo aliishi na vipandikizi vyake zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki 2006.

Nina miaka 76. Si nimeshapitwa na wakati?

Kwa umri peke yake, hapana. Mfupa wa mzee mwenye afya iliyodhibitiwa hushika kipandikizi vizuri tu. Kwa jumla, kati ya vipandikizi 100, takribani 95 huwa bado vipo baada ya miaka 10. Mimi siangalii cheti cha kuzaliwa. Naangalia sukari yako, dawa unazomeza, kama unavuta sigara, fizi zako zilivyo, mfupa uliobaki, na mikono yako. Ndiyo, mikono. Kama vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi kiasi kwamba huwezi kushika mswaki ukafika magego ya nyuma, lazima tuzungumzie hilo kabla ya kutoboa mfupa wowote.

Anayechelewa kweli ni yule aliyekaa na fizi zinazotoka damu miaka mingi akisubiri maumivu.

Jino langu linacheza lakini haliumi. Kwa nini nisisubiri lianguke lenyewe?

Usisubiri. Jino la mtu mzima halitakiwi kucheza. Likicheza bila kugongwa na kitu, mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa wa fizi umekula mfupa ulioshika mzizi wake. Ugonjwa huo huanza na ukoga uliokaa kwenye shingo ya jino, ukaganda ukawa mgumu kama jiwe, fizi zikavimba na kutoka damu, kisha mfupa ukaanza kushuka polepole. Hatua zote hizo zinaweza kupita bila maumivu hata siku moja.

Wakati wewe unasubiri lianguke, ugonjwa unakula mfupa wake na mfupa wa jirani yake. Unakuja kwangu baada ya miaka 3, jino limeanguka kweli, mengine mawili yanayumba, na pale ulipotaka niweke kipandikizi hakuna cha kushikia. Ungekuja mapema, huenda jino lenyewe lingepona kwa kusafishwa chini ya fizi, na mazungumzo ya vipandikizi yasingekuwepo kabisa.

Lakini kama kweli kungekuwa na tatizo, si pangeuma?

Hapana. Nalirudia kwa sababu nalisikia kila siku na kila siku linaharibu vinywa vya watu: hapana. Ugonjwa wa fizi hauumi mpaka umefika mbali. Mfupa unaopungua kwenye pengo hauumi. Maambukizi yanayozunguka kipandikizi hayaumi mpaka karibu na mwisho. Maumivu ya kinywa ni mjumbe anayefika baada ya mazishi. Damu kwenye mswaki, harufu isiyoisha, jino lililosogea, fizi iliyoshuka, hizo ndizo dalili. Ukiziona, njoo. Usiniambie haliumi.

Nina pengo la miaka 12. Nimelizoea, halinisumbui. Naweza kuwekewa sasa?

Pengine. Tatizo ni kwamba mfupa wa taya uliwekwa pale kwa ajili ya jino, na jino likiondoka mfupa huanza kuyeyuka. Ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Baada ya hapo kasi hupungua, lakini haikomi. Kwa anayevaa meno ya kuvua miaka na miaka taya la chini huisha mpaka likawa jembamba, na ndiyo maana meno yaliyomkaa sawasawa zamani sasa yanaelea mdomoni kama viatu vya mtu mwingine.

Juu, nyuma ya mdomo, kuna uwazi wa hewa unaopakana na mizizi ya magego. Gego likiondoka muda mrefu, uwazi huo nao hushuka. Basi unakuta kati ya fizi na uwazi kuna mfupa wa milimita chache tu. Kuna upasuaji wa kuongeza mfupa, unafanyika na unafaulu kwa wengi, ila ni kidonda cha ziada, miezi ya ziada na fedha za ziada. Kwa mtu wa miaka 76 mwenye presha na sukari, tofauti hiyo si ndogo.

Ushauri wangu kwa anayekwenda kung'oa jino wiki hii: uliza kuhusu pengo siku hiyohiyo, kabla jino halijatoka. Si lazima uamue kuweka kipandikizi. Uliza tu, upigwe picha ya eksirei, ujue una nini.

Natumia dawa za kuzuia damu kuganda. Nimesikia niziache wiki moja kabla ya upasuaji.

Nani alikuambia? Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Damu ya fizi tunaweza kuizuia kwa pamba, kwa nyuzi na kwa muda. Kiharusi kilichotokea kwa sababu uliacha dawa hatuwezi kukirudisha nyuma. Anayetumia wafarini hupimwa INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, karibu na siku ya upasuaji, na mara nyingi kazi hufanyika akiendelea na dawa zake. Kama kuna la kubadilisha, atabadilisha daktari wako wa moyo baada ya sisi wawili kuzungumza.

Kundi la pili ni dawa za mifupa, na hizi ndizo watu hunificha, si kwa ubaya, bali kwa kudhani hazihusiani na meno. Zinahusiana sana. Alendroneti, asidi ya zoledroni na denosumabu hupunguza kasi ya mfupa kujijenga upya, na mara chache kidonda kwenye taya hukataa kufunga, mfupa ukabaki wazi mdomoni wiki na wiki. Anayemeza kidonge kwa ajili ya mifupa dhaifu mara nyingi bado anaweza kupandikizwa kwa uangalifu. Anayepewa sindano za dozi kubwa kwa ajili ya saratani iliyofika kwenye mifupa, kwa kawaida tunamshauri asipandikizwe. Na sindano ya denosumabu ya kila miezi 6 usiiruke kwa ajili ya meno: ukiiacha ghafla, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

Niletee dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za mitishamba. Usiniambie "ni vile vidonge vyeupe". Vidonge vyeupe ni vingi.

Nina kisukari na navuta sigara kidogo.

Kisukari kilichodhibitiwa hakikuzuii. Kisichodhibitiwa kinachelewesha kidonda kupona na kinaalika maambukizi, kwa hiyo nitataka kuona kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 3, si kile ulichojipima asubuhi ukiwa hujala. Sigara huongeza takribani mara mbili uwezekano wa kipandikizi kushindwa. "Kidogo" sielewi ni ngapi. Kama huwezi kuacha wiki kadhaa kabla na miezi ya kupona baada, niambie ukweli, tupange kitu kingine. Sitakasirika. Nitakasirika ukinificha halafu skrubu ikatoka.

Aliyepata mshtuko wa moyo hivi karibuni asubiri, mara nyingi miezi 6. Aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni aseme mapema, hata kama ilikuwa miaka 20 iliyopita.

Upasuaji wenyewe unauma sana?

Unafanywa kwa ganzi, na wengi huniambia ulikuwa mwepesi kuliko kung'olewa gego. Siku 2 au 3 za uvimbe, vyakula laini, dawa za kawaida za maumivu.

Kwani ni lazima vipandikizi?

Si lazima, na usikubali mtu akuaibishe. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limetumia kipimo cha meno 20 ya asili yanayofanya kazi kama kinywa kinachotosha. Ukiwa nayo, yakikutana vizuri, pengo moja la nyuma linaweza kuachwa kama lilivyo. Kuna daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, kuna meno ya kuvua, na kwa wengine hayo yanatosha kabisa.

Mahali ambapo vipandikizi hubadilisha maisha ya mzee, kwa macho yangu, ni taya la chini lisilo na jino hata moja. Vipandikizi 2 tu mbele, na meno ya kuvua yanabanwa juu yake kwa vifungo kama vya shati. Mama mmoja wa miaka 71 alikuja kwangu na meno yake ya chini yamefungwa kwenye leso. Alikuwa akiyavaa kwa ajili ya wageni, na wakati wa kula anageukia ukutani na kuyatoa. Siku alipofungiwa yale ya vifungo alijaribu kuyasukuma kwa ulimi, mara ya kwanza, mara ya pili. Hayakutoka. Akakunja leso akairudisha kwenye mkoba. Hakuhitaji meno 14 ya kupandikiza. Alihitaji skrubu 2.

Ukipewa hesabu ya gharama, uliza kama ndani yake kuna picha, mfupa wa kuongeza ukihitajika, jino bandia la juu ya skrubu, na usafishaji wa kila mwaka. Kama hilo la mwisho halimo, uliza kwa nini.

Nilishawekewa. Jino bandia halitoboki, kwa hiyo kliniki narudi kufanya nini?

Halitoboki, kweli. Lakini kinachokishika kipandikizi ni mfupa na fizi zako, na hivyo vinaugua. Jino la asili limening'inizwa ndani ya mfupa kwa nyuzi ndogo zenye neva. Likiguswa vibaya unajua. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kimeshikana na mfupa moja kwa moja, hakikupi taarifa. Maambukizi yakiingia hushuka kimya, na mara nyingi kwa kasi kuliko kwenye jino la asili.

Mstaafu mmoja alirudi baada ya miaka 5, na alikuja kwa sababu ya jino jingine kabisa. Nikabonyeza fizi kando ya kipandikizi chake kwa ncha ya kidole. Likatoka tone la usaha, zito, la rangi ya maziwa. "Lakini hapo hapaumi, daktari, natafunia kila siku." Tukatazama picha pamoja, tukahesabu mizunguko ya skrubu: 6 kati ya 10 ilikuwa nje ya mfupa. Hapakuwa pameuma. Hata siku moja.

Kwa hiyo nalirudia kwa mara nyingine: kutouma si cheti cha afya. Ukishawekewa kipandikizi, rudi kila baada ya miezi 6, au jinsi utakavyopangiwa, upimwe fizi na kusafishwa. Nyumbani piga mswaki mara mbili kwa siku, na upitishe brashi ndogo ya katikati ya meno pale kipandikizi kinapoingia kwenye fizi. Usichokonoe kwa njiti, wala pini, wala ncha ya kisu. Nimeyaona yote hayo. Ukiona damu au usaha, au fizi imeshuka na chuma kinaonekana, njoo wiki hiyohiyo. Kipandikizi chenyewe kikicheza, njoo kesho.

Baba yangu ana vipandikizi na sasa amepata kiharusi, hawezi kujisafisha. Tufanye nini?

Mmoja wenu achukue kazi hiyo, awe na zamu inayojulikana, kwa sababu kazi ya wote huwa haifanywi na mtu. Mkalishe wima, simama nyuma yake kidogo kando, egemeza kichwa chake kwako, washa tochi. Kama meno yana vifungo, yavue kila usiku, yapige mswaki kwa maji na sabuni laini, yalale ndani ya maji, yasilale mdomoni. Kisha safisha vile vichwa vya chuma vilivyobaki kwenye fizi, kila kimoja pande zote, kwa mswaki laini. Vifungo vikiwa vigumu mno kwa anayemhudumia, njooni tuvibadilishe au tuvilegeze, hilo linawezekana.

Na tafuteni ile kadi au karatasi aliyopewa siku ya upasuaji, inayoonyesha kampuni iliyotengeneza kipandikizi na ukubwa wake. Kila aina ina bisibisi yake. Ipigeni picha, mmoja aiweke kwenye simu, nakala nyingine ikae kwenye faili lake la hospitali.