Je, wajua kwanini kitambi, presha na sukari hupenda kuja pamoja?

Huku Moshi mtu akirudi nyumbani Desemba toka Dar na kitambi chake anaambiwa aisee mji umekukubali, na kweli gari lipo, mbuzi anachinjwa, bia zinashushwa kreti kwa kreti. Madaktari wao hicho kitambi wanakihesabu kama alama moja kati ya tano. Zingine ni presha kuanzia 130/85 (hata namba moja tu ikifika), sukari ya asubuhi kabla hujala kuanzia 5.6 (kwa kipimo cha mmol/L, hizi zinazofuata pia), mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri ile ya HDL ikishuka chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa nazo tatu, zozote tatu, una sindromu ya metaboliki. Na kama unameza dawa za presha hiyo alama unahesabiwa hata kama kipimo cha leo kimetulia.

Sasa kwanini zinakuja kwa kundi? Shida kubwa ni mafuta ya ndani, yale yanayozunguka utumbo na ini, siyo ya hipsi. Hayo mafuta hayatulii, yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaoenda moja kwa moja kwenye ini, ini likizidiwa linatengeneza trigliseridi nyingi na kuachia sukari hata wakati hujala kitu, HDL nayo inashuka. Huku misuli inaanza kukataa kuisikiliza insulini, ile homoni ya kongosho inayoiambia misuli ichukue sukari toka kwenye damu, kongosho linaona bora lizalishe zaidi, na insulini ikijaa kwenye damu figo zinashikilia chumvi na maji, presha hiyoo inapanda. Ukiangalia vizuri ni tatizo moja linatokea milango mitano. Ndo maana mwenye hali hii hatari yake ya kupata kisukari inakuwa kama mara tano, na ya moyo na kiharusi kama mara mbili.

Ni wengi kiasi gani? Duniani inakadiriwa karibu robo ya watu wazima, Marekani kama theluthi. Kwa hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2012 kwa watu wa miaka 25 mpaka 64 ulikuta kama robo wana presha ya juu, na hiyo ni alama moja tu. Afrika kusini mwa Sahara wanawake ndo mara nyingi wanaongoza, hasa kwa kiuno na HDL kuwa chini, na baada ya kukoma hedhi mafuta yanahamia tumboni zaidi.

Watu wa Arusha mtaniambia mbona Wamasai wanakula nyama na maziwa toka enzi. Ni kweli, mwaka 1964 Mmarekani George Mann na wenzake walitoa utafiti wao kwa Wamasai na wakakuta kolesteroli iko chini na ugonjwa wa moyo ni nadra sana. Ila wale walikuwa wanatembea na ng'ombe kutwa nzima! Kijana huyohuyo akija kulinda geti Njiro, anakaa kwenye kiti usiku kucha, anashushia chapati na soda, mchana halali vizuri, hapo mambo yanabadilika. Kukaa sana, usingizi mbovu, sigara, pombe, vinywaji vya sukari, umri, na kama mzazi wako ana kisukari, vyote vinachangia. Nyama choma peke yake tunaionea bure kwa maoni yangu, mimi naogopa zaidi boda ya kwenda dukani mita mia mbili.

Kuna mtego mmoja kwa sisi weusi. Trigliseridi zetu mara nyingi zinabaki chini hata kama insulini imeshaanza kugoma, kwahiyo majibu ya mafuta yakitoka safi usishangilie haraka, angalia na kiuno. Futi ya fundi cherehani inatosha, izungushe tumboni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua kawaida (usivute tumbo ndani, nakuona). Kwa Waafrika kipimo kinachotumika sana ni sentimita 94 kwa mwanaume, kama inchi 37, na 80 kwa mwanamke, inchi 31 na nusu. Ukishazipita nenda kapime presha na damu, na asubuhi hiyo chai ya maziwa iache kwanza, maji tu mpaka watoe damu.